Imani katika Bwana Yesu ilitangulia vitabu

Swali hili linaulizwa mara nyingi, zaidi na vijana waliosoma: «Je, Yesu aliitwa Mungu tangu mwanzo, ao jambo hilo lilitungwa na maaskofu katika Konsilio ya Nikea, mwaka 325, kwa amri ya Kaisari Konstantino?» Katekista asiyejua la kujibu ananyamaza, ao anakasirika. Namna zote mbili zinamwacha muulizaji na shaka yake. Basi tutazame mambo yalivyokuwa.

1. Kwanza mahubiri, kisha maandiko

Bwana wetu hakuacha kitabu alichokiandika mwenyewe. Alikufa karibu na mwaka 30. Kadiri ya wataalamu wengi, Evanjili ya Marko iliandikwa karibu na mwaka 70, zile za Mateo na Luka nyuma yake, na ya Yoane mwishoni mwa karne ya kwanza. Kwa hiyo, toka kifo cha Bwana mpaka Evanjili ya kwanza ilipita miaka kama 40.

Wengine wakisikia hesabu hiyo wanaogopa. Wanadhani kwamba miaka hiyo ilikuwa mitupu, na kila mtu aliweza kutunga apendavyo. Sivyo. Katika miaka hiyo Mitume walihubiri, walibatiza, walimega mkate, walifundisha wengine wa kufundisha. Tume ya Papa ya Biblia mwaka 1964, na Konsilio ya Vatikano ya Pili mwaka 1965, zimeeleza hatua tatu: maneno na matendo ya Yesu mwenyewe, mahubiri ya Mitume, mwishoni kazi ya waandishi waliochagua na kupanga yale waliyopokea. Tusifundishe, basi, kwamba mwandishi wa Evanjili alifuata nyuma ya Yesu na kalamu mkononi. Kijana atakayegundua kwamba sivyo atadhani kwamba tumemdanganya katika yote.

2. Paulo alipokea nini?

Barua za Paulo ni za zamani kuliko Evanjili zote ine. Na miaka yake tunaweza kuikadiria vizuri. Kitabu cha Matendo kinasema kwamba Paulo alipelekwa huko Korinto mbele ya gavana Galio. Tena huko Delfi, katika nchi ya Wagriki, yalionekana mawe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayotaja Galio huyo. Nayo inaonyesha kwamba alitawala karibu na mwaka 51. Paulo alikuwa amefika Korinto mbele kidogo ya hapo, na karibu na mwaka 54 aliwaandikia Wakorinto toka Efeso.

Katika sura ya 15 ya barua hiyo ya kwanza, anawakumbusha yale aliyowapa alipofika kwao: Kristu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, kisha wale Kumi na Wawili. Tuangalie vema: Paulo anasema kwamba yeye pia alipokea maneno hayo kwa wengine. Aliyapokea lini? Kwa Wagalatia anaeleza kwamba, miaka mitatu nyuma ya wito wake, alipanda Yeruzalemu, akakaa na Kefa siku 15, akamwona pia Yakobo. Basi mapokeo hayo yanatufikisha karibu kabisa na mashahidi wenyewe, miaka michache tu nyuma ya Pasaka.

3. Waliomba nani?

Mwishoni mwa barua hiyo kuna neno «Maranatha». Wakorinto walisema Kigriki. Neno hili ni la Kiaramea, lugha ya Wayahudi wa Palestina. Maana yake: Bwana wetu, njoo. Kwa nini Paulo aliliacha bila kulitafsiri? Kwa sababu lilikuwa sala iliyojulikana, iliyotoka kwa Wakristu wa kwanza kabisa. Nao wale Wayahudi, waliofundishwa tangu utoto kwamba Mungu ni mmoja, walimwomba Yesu aje.

Kwa Wafilipi, katika sura ya 2, kuna maneno ambayo wataalamu wengi wanayaona kuwa utenzi wa zamani kuliko barua yenyewe. Yanasema kwamba kila goti litapigwa kwa jina la Yesu. Lakini katika sura ya 45 ya nabii Isaya, heshima hiyo ni ya Mungu peke yake. Wapagani nao waliliona jambo hilo: karibu na mwaka 112, gavana Plinius alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristu wanakusanyika mbele ya mapambazuko na kumwimbia Kristu kama mungu. Ni zaidi ya miaka 200 mbele ya Nikea.

4. Basi Nikea ilifanya nini?

Padri Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Maaskofu walijibu kwamba Mwana ni wa umungu mmoja na Baba. Neno la Kigriki walilolitumia halimo katika Biblia. Lilichaguliwa ili kulinda imani iliyosaliwa tangu zamani. Eklezia ilitumia miaka mingi kutafuta maneno ya kueleza vema yule iliyekuwa inamwabudu. Wala Nikea haikupanga hesabu ya vitabu vya Biblia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaiona katika barua ya Askofu Atanasi ya mwaka 367.

Ndugu wakatekista, tujue pia mpaka wa majibu haya. Historia inaonyesha kwamba Wakristu wa kwanza waliamini hivi, na waliamini mapema. Haiwezi kumlazimisha mtu aamini pamoja nao. Hiyo ni kazi ya neema. Lakini anayesema kwamba imani yetu ilitungwa na Kaisari, tumfungulie kwa utulivu barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 15 na ya 16, tusome naye.