Korongo wa Mbao Bandarini

Mashine ya kuinulia mizigo Wagiriki wa kale waliiita geranos, jina lilelile la ndege korongo. Miti na kamba zake zimekwishaoza. Ushahidi uliosalia umo kwenye mawe yenyewe iliyoyainua: matundu ya kukamatia, yaliyoanza kuchongwa mwishoni mwa karne ya 6 K.K.

Umbo la mashine hiyo limeelezwa na Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya 1 K.K. Miti miwili ilifungwa pamoja kileleni, ikatanuliwa chini na kushikiliwa kwa kamba. Juu lilitundikwa kapi, na chini kulikuwa na gogo la kuzungushia kamba. Mashine yenye magurudumu 3 ya kapi iliitwa trispastos, yenye 5 pentaspastos. Majina hayo ni ya Kigiriki, ingawa Vitruvius aliandika Kilatini. Magurudumu 3 hupunguza nguvu inayohitajika hadi theluthi moja, lakini jiwe likipanda mita 1, kamba huvutwa mita 3. Mabaharia wa majahazi wanaopandisha foromali, mti wa kubebea tanga, kwa makapi wanayajua vizuri mabadilishano haya. Gogo nalo, likizungushwa kwa miti mirefu, huongeza nguvu mara kadhaa.

Kazi ya bandarini ilidai zaidi ya nguvu. Mwanahistoria wa Kigiriki Thucydides anasema ukuta wa Piraeus, bandari ya Athens, uliojengwa kwa ushauri wa kiongozi Themistocles, haukujazwa kokoto wala udongo: ulikuwa wa mawe makubwa ya mraba, yaliyobanwa kwa chuma na risasi. Mawe ya namna hiyo lazima yagusane barabara, na kamba iliyopita chini ya jiwe ingeyazuia.

Dawa yake ilikuwa ya werevu mkubwa. Fundi alichonga tundu juu ya jiwe, jembamba mdomoni na pana ndani. Alitumbukiza vipande viwili vya chuma vilivyotanuka chini, kisha akapigilia cha tatu kilichonyooka katikati yao. Kadiri jiwe lilivyovutwa, ndivyo vyuma vilivyozidi kung'ang'ania. Jiwe likishakaa mahali pake, kipande cha kati kilichomolewa kwanza, na vingine vikatoka bila taabu.

Vitruvius anaongeza kwamba mashine za aina hiyohiyo zilipakia na kupakua meli. Nyingine zilisimama wima, nyingine zililazwa juu ya jukwaa la kuzunguka, zikageuzwa na mzigo ukining'inia kutoka sitahani hadi gatini.