Tufundishe Miguu na Ubongo Pamoja

Jua likishapungua ukali, kila uwazi uliobaki Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju hugeuka kiwanja. Wavulana wanacheza chandimu, wasichana wanacheza rede au netiboli. Ni wachache watakaofuata nyayo za Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala ambaye mwaka 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Walio wengi wanacheza kujifurahisha tu. Lakini goti la mtoto wa mtaani huumia kama la mchezaji wa kulipwa, na mtaani hakuna daktari wa timu. Mwezi huu tuzungumzie mazoezi yanayouunganisha mwili na ubongo ili kumkinga mtoto.

Goti huumiaje?

Ndani ya goti mna kano zinazoishikanisha mifupa. Kano moja muhimu mara nyingi hukatika bila mchezaji kugongwa na mtu. Anageuka ghafla au anatua vibaya baada ya kuruka, huku macho na mawazo yake yakiwa kwenye mpira. Wataalamu waliochunguza picha za video za ajali za namna hii wameona kwamba kano hukatika ndani ya takriban sehemu 5 kati ya 100 za sekunde baada ya mguu kugusa ardhi. Lakini jicho kuona jambo na misuli kulijibu huchukua kama sehemu 20 kati ya 100, na zaidi ikiwa mtu anapaswa kuchagua la kufanya.

Maana yake ni kwamba mtoto akishakanyaga vibaya hana muda wa kujirekebisha. Ubongo lazima uwe umeiandaa miguu mapema. Wasichana waliokwisha kubalehe wahimizwe zaidi, kwa kuwa kano hii huwakatika kwa urahisi kuliko wavulana.

Mazoezi yanasaidia?

Ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wasichana 1,892 wa Norway, wenye umri wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha kwamba timu zilizopewa mpango wa dakika 20 za kupasha mwili moto, wenye mazoezi ya nguvu, mizani na kutua vizuri, zilipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja. Kuongeza kazi ya ubongo juu ya mazoezi hayo ni hatua mpya zaidi, na haijapimwa kwa kiasi hicho. Hata hivyo inafuata hali halisi ya mchezo, kwani uwanjani hakuna anayekimbia bila kufikiri.

Watoto wetu hawaanzi na mikono mitupu. Katika rede, aliye katikati hujaza chupa mchanga huku akikwepa mpira unaotoka pande mbili. Anayeruka kamba huimba, huhesabu na kuruka kwa wakati mmoja. Mdako hufundisha jicho na mkono kwenda pamoja. Mzazi asiidharau michezo hii.

Mazoezi manne ya kuanzia

Yafanyike dakika 15 kabla ya mchezo, mara mbili au tatu kwa wiki. Mpira wa soksi na vipande viwili vya kitambaa vinatosha.

1. Mtoto asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika. Akiweza, arushiane mpira na mwenzake. Akizoea, ajibu pia hesabu, kama 7 mara 8.

2. Akimbie taratibu. Akiona kitambaa chekundu ageukie kushoto, cha buluu kulia. Baada ya siku kadhaa, maana za rangi zibadilishwe.

3. Aruke na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa, wala yasielekeane kwa ndani. Baadaye, akiwa hewani, ataje idadi ya vidole unavyomwonyesha.

4. Wamalizie kwa rede au kamba.

Kanuni ni moja: kwanza mwili ujifunze vizuri, ndipo kazi ya ubongo iongezwe. Ukiona magoti yanaanza kulegea na kuingia ndani, ondoa hesabu na rangi, mrudishe kwenye zoezi jepesi. Kabla ya yote, kiwanja kiokotwe mawe na chupa.

Tahadhari

Mtoto akisikia mlio ndani ya goti na goti likavimba siku ileile, asikandwe wala kuchuliwa. Aache kucheza na apelekwe hospitali, kwa mfano Mwananyamala au Temeke. Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko salama. Akitapika, akizidiwa na maumivu ya kichwa, akichanganyikiwa au akisinzia kupita kawaida, apelekwe upesi bila kusubiri asubuhi.

Kuna wazazi wanaoona mchezo ni adui wa masomo, wakajaza jioni zote kwa tuisheni. Mazoezi haya si dawa ya kufaulu mtihani. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili. Basi tumwachie mtoto saa yake ya kucheza, na robo ya saa hiyo tumfundishe kucheza kwa usalama.