Mshahara wa Kwanza: Unaoandikwa na Unaobaki

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulitazama foleni: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakapita 135,000. Leo tumwache anayesubiri, tumfuate aliyebahatika. Tuseme amepata kazi katika kampuni binafsi, na barua ya ajira inasema shilingi 800,000 kwa mwezi, zote zikiwa mshahara wa msingi. Nyumbani vigelegele vimeshapigwa, na ada ya mdogo wake wa kidato cha tatu imeshapata mlipaji.

Kabla hajaahidi chochote, achukue kalamu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi nusu yake. Hapo 80,000 zimeondoka. Zinabaki 720,000, ambazo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi. Kutoka hapo hadi 520,000 kiwango ni asilimia 8, na sehemu inayozidi hapo, hadi 760,000, hutozwa asilimia 20. Kijana wetu analipa 20,000 kwenye ngazi ile ya kwanza na 40,000 kwenye ya pili. Halafu ije Bodi ya Mikopo. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi hiyo, na lile bumu alilolisubiri kila muhula ni sehemu ya deni, anakatwa asilimia 15. Asilimia hiyo hupigwa kwenye mshahara wa msingi wote, si kwenye kilichosalia baada ya makato mengine: 120,000. Kinachoingia benki ni 540,000.

Kwa hiyo katika kila shilingi 100 alizoandikiwa, 32 na ushee hatazishika. Sisemi ameibiwa. Zile 80,000 za NSSF ni akiba yake, na mwajiri anatakiwa aongeze nyingine 80,000 juu yake. Ila akiba hiyo ina sharti moja: iwe imepelekwa kweli. Wapo waajiri wanaokata na wasiwasilishe, na mfanyakazi hugundua miaka mingi baadaye, akiwa ameshaacha kazi. Taarifa ya michango inaweza kuombwa kwenye Mfuko wakati wowote. Aiombe mwezi wa tatu tangu aanze, wala asione haya.

Deni la Bodi nalo ni jepesi kidogo kuliko lilivyokuwa kwa kaka na dada zake. Zamani lilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na kuna waliokatwa mwaka mzima na salio lisishuke ipasavyo. Kwenye sherehe za Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Anayeanza kazi leo, kila anachokatwa kinapunguza deni lenyewe.

Sasa tutazame mishahara inaelekea wapi. Kima cha chini cha utumishi wa umma kilipanda kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, kikafika 370,000, na Julai 2025 kikapanda tena kwa asilimia 35.1 hadi 500,000. Vichwa vya habari vilishangilia, lakini asilimia hizo kubwa ni za ngazi ya chini kabisa. Mwaka 2022 waliokuwa ngazi za juu waliongezwa kwa viwango vidogo zaidi, na manung'uniko yalisikika hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Maana yake ni kwamba umbali kati ya mshahara wa mhudumu wa ofisi na wa msomi anayeanza kazi unapungua. Kwa nchi ni jambo la heri. Kwa mwenye shahada mpya ni taarifa kwamba cheti peke yake hakimweki mbali na wenzake kama zamani.

Na zamani umbali huo ulikuwa suala la kisiasa hasa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, mojawapo likiwa kufanya kazi kwa muda huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wa kawaida. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri kwa asilimia 20. Wakati ule msomi alikuwa na ajira ya uhakika, na ugomvi ulikuwa juu ya kiasi. Mjukuu wake anajitolea katika shule ya kata bila hata posho, akitumaini jina lake litakumbukwa nafasi zikitoka.

Juu ya kujitolea nina msimamo ambao wengi hawaupendi: miezi sita inatosha. Ndani ya muda huo umeshaonekana, umeshajifunza, na una mtu wa kukuandikia barua ya utambulisho. Baada ya hapo unampa mwajiri kazi ya bure, na huku umri unakwenda.

Kazi za mauzo kwenye benki na bima, ambako wahitimu wengi huanzia, zinadharauliwa kuliko zinavyostahili. Kijana aliyezunguka Kariakoo na Manzese akifungulisha watu akaunti anaujua mji, anajua kukataliwa, na anajua fedha za wafanyabiashara wadogo zinavyozunguka. Hayo hayafundishwi darasani. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni moja: nisipofikisha lengo la mwezi, nalipwa nini? Kama jibu ni kamisheni tupu, ajue nauli na vocha zitatoka mfukoni mwake, na mshahara uliotajwa ni matumaini tu.

Hatari kubwa zaidi huja mwezi wa pili au wa tatu, ukiwa na hati ya mshahara mkononi. Benki zitakupigia zenyewe. Ukizikosa benki, kuna kausha damu mtaa wa pili. Mtu anayebaki na 540,000, akapanga chumba, akatuma nyumbani, kisha akakopa milioni 5 anunue pikipiki na simu ya kisasa, amejifunga pale pale alipo. Ikitokea kazi bora Mwanza au Dodoma yenye mwezi mmoja wa kusubiri malipo, hataiweza.

Mkataba ausome wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya mwaka ya siku 28 na ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na waajiri wanalijua hilo. Akishavuka miezi hiyo na kuachishwa kwa hila, ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakibembeleza warudishwe.

Wiki ijayo: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, na kwa nini vikundi vya wahitimu hukwama kwenye andiko la mradi.