Fistula Hutibika, Tusiwaache Akina Mama Hawa

Mama akikaa na uchungu kwa muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, tundu hubaki. Hiyo ndiyo fistula. Mkojo humtoka mchana na usiku. Si laana wala kurogwa, na wengi hupona kwa upasuaji.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ya shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 1994, huwatibu akina mama hawa bila malipo. Mwaka 2009 ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa. Lakini tiba ya bure kwa mgonjwa hugharimiwa na wafadhili, na mama aliyejificha kwa aibu hafikiwi kwa fedha peke yake.

Sisi wauguzi tunaziomba jumuiya ndogondogo: changieni kazi hiyo, mtafuteni mama huyo, msindikizeni, na watunzeni watoto wake mpaka arudi. Na kila mjamzito awahi hospitali kujifungua, kwa maana fistula huzuilika.