Mfungwa Anapoishtaki Selo

Hakimu anapotamka kifungo cha miaka mitatu, hasemi mfungwa alale ubavu mmoja hadi asubuhi kwa kuwa selo haina nafasi ya kugeukia. Hasemi akaambukizwe kifua kikuu. Hasemi akose dawa ya kisukari aliyokuwa akiitumia nyumbani. Hayo hayamo katika hukumu, na lisilomo katika hukumu halina idhini ya mahakama. Ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeeleza waziwazi kwamba aliyefungwa au kuwekwa kizuizini hubaki na haki zake zote, ila zile tu zisizoweza kabisa kwenda pamoja na kule kufungwa kwenyewe. Kifungo kinamwondolea mtu uhuru wa kutoka. Hewa, maji, usingizi na matibabu vinabaki kuwa haki yake.

Jamaa za wafungwa wengi wameyasikia hayo redioni. Mama aliyetoka kumwona mwanawe rimandi, akamkuta na upele mwili mzima na kikohozi kisichokoma, haniulizi kama haki ipo. Ananiuliza ashike njia gani. Njia zipo, tena ni pana kuliko watu wanavyodhani. Kinachowaangusha wengi ni kufika mahakamani wakiwa na uchungu mwingi lakini hawajui hasa wanaomba nini.

Mlango mkubwa ni Mahakama Kuu, kwa ibara ya 22. Kesi ya kudai haki za msingi haitozwi ada ya kuifungua. Anaweza kuifungua mfungwa mwenyewe, mtu anayemsemea asiyeweza kujisemea, mmoja kwa niaba ya kundi lake, au mtu yeyote kwa maslahi ya umma. Gerezani jambo hili lina uzito wa pekee, maana anayelalamika analala chini ya ulinzi wa yule yule anayemlalamikia. Mke, dada au shirika la haki laweza kuibeba kesi, na jina la mfungwa lisiwe la kwanza kusomwa na askari jela. Kanuni zilizotungwa mwaka 2013, enzi za Jaji Mkuu Willy Mutunga, zimelegeza hata zaidi: mahakama inaweza kupokea barua ya kawaida, au maelezo ya mdomo yakaandikwa, mradi yaonyeshe haki iliyovunjwa. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu ya kuazima inaweza kuanzisha kesi dhidi ya Mwanasheria Mkuu.

Si kila shida inahitaji kwenda huko. Blanketi, dawa iliyochelewa, ugomvi wa zamu ya choo, haya humalizwa haraka zaidi na msimamizi wa gereza, au na hakimu na jaji wanapokuja kutembelea, kwa kuwa sheria inawapa mamlaka ya kuingia na kusikiliza. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo hupokea malalamiko. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa apate nafasi ya kulalamika kila siku, asikilizwe kwa siri akitaka, wala asilipiziwe kisasi. Ninachowasihi watu ni kuandika, kuweka tarehe na kubaki na nakala. Barua isiyojibiwa bado ina kazi: siku ya kesi, ndiyo inayoonyesha kwamba wakubwa walijua.

Sasa ushahidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi nyingi zinapofia. Sentensi kama "selo imejaa mno" haimsaidii jaji. Jaji anahitaji urefu na upana wa chumba, hata kwa kupima kwa hatua. Anahitaji kujua wangapi wanalala humo, tangu tarehe gani hadi tarehe gani, wanatoka nje saa ngapi kwa siku, dirisha ni kubwa kiasi gani, choo kimo ndani au nje, na kama ni ndoo, inamwagwa mara ngapi. Katiba yetu haitaji mita. Lakini mahakama za kwingine zimeshapima, na wakili wa Kenya anaweza kuzitumia kama hoja ya kumshawishi jaji.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliweka kipimo chake sawasawa mwezi Oktoba 2016, katika kesi dhidi ya Kroatia. Mfungwa anayelala na wenzake akiwa na nafasi isiyofika mita 3 za mraba, mahakama inachukulia kwamba ametendewa isivyo utu, na serikali inatakiwa ilete sababu nzito za kupinga. Akiwa na mita 3 hadi 4, yanaangaliwa na mengine: mwanga, hewa, choo, muda wa kuwa nje. Zaidi ya mita 4, ukubwa wa chumba peke yake si hoja tena, ingawa uchafu au giza bado ni hoja. Eneo la choo halihesabiwi. Msomaji anaweza kuona ni ukatili kugawa utu wa mtu kwa mita. Mimi naona kinyume chake. Palipo na namba, mfungwa maskini asiye na wakili hodari anashinda kwa namba hiyo hiyo anayoshinda nayo tajiri.

Majaji wa Strasbourg walisema na jambo jingine la maana. Mfungwa hana futi, hana kamera, hana daftari la gereza. Vyote hivyo vinashikwa na serikali. Kwa hiyo akishatoa maelezo yanayoeleweka na yasiyojipinga, mzigo unahamia kwa serikali kuonyesha rekodi zake. Kwetu, kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi kinafuata fikra hiyo hiyo katika kesi za madai: jambo linalojulikana hasa na upande mmoja, upande huo ndio unaopaswa kulithibitisha au kulikanusha. Wakili anayedai daftari la idadi ya wafungwa wa kila asubuhi mara nyingi anakuwa amefanya nusu ya kazi.

Serikali itajibu kwamba haina fedha. Jibu hilo linasikika la kweli, na huenda ni la kweli. Kisheria lakini halitoshi. Katiba inapozungumzia uhaba wa rasilimali, katika ibara ya 20(5), inazungumzia haki za ibara ya 43 kama makazi, chakula na afya, na hata hapo serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba haina. Haki ya kutotendewa ukatili wala kudhalilishwa imo katika ibara ya 25, miongoni mwa haki chache ambazo hakuna sheria wala dharura inayoweza kuziwekea mipaka. Serikali isiyo na nafasi ya kumweka mtu kwa utu ina njia ya pili, nayo ni kutomfunga.

Tuseme mfungwa ameshinda. Anapewa nini? Ibara ya 23 inaipa mahakama uwezo wa kutangaza kwamba haki imevunjwa, kutoa amri ya muda kabla kesi haijaisha, kuamuru jambo lifanywe au likome, na kuagiza fidia. Ombeni amri ya muda kwanza. Nasema hivi nikikumbuka kesi ya Kapsabet. Mwezi Agosti 2010 wagonjwa wawili wa kifua kikuu walipelekwa gerezani, kwa muda wa hadi miezi minane, kwa sababu walikatiza dawa. Waliingizwa katika gereza lenye msongamano, mahali ambapo ugonjwa huo huenea kwa wepesi. Amri ya Mahakama Kuu iliwatoa baada ya siku 46. Uamuzi kamili wa Jaji Mumbi Ngugi, kwamba kuwafunga hivyo kulivunja Katiba, ulikuja Machi 2016. Uamuzi huo ni wa thamani kwa kila mgonjwa atakayekuja. Lakini kwa wale wawili, amri ya mapema ndiyo iliyoyanusuru mapafu yao.

Fidia ya fedha ndiyo inayoombwa zaidi, na ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi. Inalipwa baada ya miaka, na chumba kinabaki vile vile. Nchi ambayo imefikiri zaidi juu ya hili ni Italia, tena kwa kulazimishwa. Januari 2013 mahakama ya Strasbourg iliamua kesi ya wafungwa saba wa magereza ya Busto Arsizio na Piacenza, waliokaa watatu watatu katika vyumba vya mita 9 za mraba, maji ya moto yakiwa haba. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na wafungwa zaidi ya 65,000 katika magereza yasiyokuwa na nafasi hizo. Mahakama haikuishia kwa wale saba. Iliipa Italia mwaka mmoja ianzishe njia ya wafungwa kupata nafuu ndani ya nchi yao, njia itakayokomesha mateso yanayoendelea na kufidia yaliyokwisha kupita.

Italia ilizijenga zote mbili. Jaji wa kusimamia vifungo alipewa uwezo wa kuiamuru idara ya magereza irekebishe hali, na idara isipotii, kulazimisha utekelezaji. Halafu mwaka 2014 ikaja sheria ya fidia ya namna nyingine: kwa kila siku 10 mfungwa alizokaa katika hali isiyo ya kibinadamu, anapunguziwa siku 1 ya kifungo. Aliyekaa siku 1,000 katika chumba cha namna hiyo anatoka siku 100 mapema. Aliyekwisha kutoka, au ambaye siku zake hazitoshi kupunguzwa, analipwa yuro 8 kwa kila siku ya mateso.

Mita zikaleta ubishi wao. Je, kitanda cha ghorofa kilichofungwa ukutani kinahesabiwa kuwa nafasi ya mfungwa? Mahakama ya juu ya rufani ya Italia ilijibu kwamba hapana: samani zisizohamishika zitolewe kwanza, kisha nafasi iliyobaki ya kutembea ndiyo ipimwe. Hapo mahakama ya Roma ikawa imekwenda mbele kuliko ile ya Strasbourg, ambayo huhesabu mahali penye samani.

Wapo wanaochukizwa na punguzo hili, na aliyeibiwa au kuumizwa ana sababu ya kuuliza kwa nini mkosaji atoke kabla ya siku yake. Romania ilianza kutoa siku 6 kwa kila siku 30 mwaka 2017, kisha ikaifuta sheria hiyo mwaka 2019. Nachukua upande wa punguzo bila kusitasita. Aliyehukumiwa miaka mitatu akaitumikia miongoni mwa watu waliobanana kama samaki wa mkebe amepewa adhabu nzito kuliko iliyotamkwa, na kipimo cha pekee kinacholingana na siku zake ni siku. Bunge letu linaweza kutunga kifungu kama hicho bila kubomoa ukuta wala kujenga.

Kabla halijatunga, zipo siku ambazo sheria yetu tayari inazitambua na watu hawazidai. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda wa rimandi uzingatiwe katika kifungo, na Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2018 kwamba haitoshi hakimu kusema ameuzingatia. Lazima uhesabiwe kweli. Hukumu isiyouhesabu inaweza kurudishwa Mahakama Kuu kwa barua ya kuomba mapitio. Ibara ya 49 inakataza kumweka rimandi mtu anayeshtakiwa kwa kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu, kwa kosa la miaka mitatu au chini, kumpeleka mtu akafanye kazi shuleni au hospitalini badala ya selo. Mwaka 2020, corona ilipoingia, mahakama zilipitia vifungo na maelfu wakaachiliwa katika muda wa wiki chache. Uwezo upo.

Kesi kubwa ya kupunguza msongamano wa nchi nzima ni kazi ya mashirika. Malawi ilishuhudia kesi hiyo mwaka 2009, Mahakama Kuu ilipoiamuru serikali ipunguze msongamano kwa nusu ndani ya miezi 18. Marekani, mwaka 2011, Mahakama ya Juu iliithibitisha amri ya kuitaka California ishushe idadi ya wafungwa hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza yake. Amri kama hizo zinahitaji miaka ya kufuatiliwa, na majaji wasiochoka.

Kwa aliyekwisha kutoka, neno moja la tahadhari. Italia inampa aliyeachiliwa miezi sita tu kufungua dai lake. Kwetu kesi ya kikatiba haina ukomo wa miaka uliotajwa, ila aliyechelewa lazima aeleze kwa nini, na majaji wamewafukuza wengi walioshindwa kueleza. Hati ya kuachiliwa, kadi ya zahanati ya gereza, nakala ya barua kwa msimamizi, majina ya wawili watatu waliolala selo moja naye: hivyo vikusanywe wiki ile ile anayofika nyumbani, kabla wenzake hawajahama wala kubadilisha namba za simu.