Akiba ya Fikra: Tabibu wa Nafsi Kutoka Balkh

Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mwaka 850 katika nchi ya Balkh, ambayo leo imo Afghanistan, na aliyesoma Baghdad kwa mwanafalsafa al-Kindi, nilimjua kwa sifa ya ramani zake tu; kumbe aliandika pia kitabu cha tiba, Masalih al-Abdan wal-Anfus, na sehemu ya pili ya kitabu hicho, yenye milango minane, imehusu maradhi ya nafsi. Humo mna agizo moja ambalo tangu nilisome halijaniacha.

Asema kwamba kama vile mwenye busara awekavyo dawa nyumbani hali yu mzima, kwa kuwa maradhi hayabishi hodi, ndivyo impasavyo mtu kujiwekea akiba ya fikra njema wakati moyo wake umetulia, azitafakari na kuzizoea, hata siku hasira, khofu au huzuni itakapomfumania azikute karibu. Tazama huruma iliyomo! Agizo hili halimlaumu mgonjwa kwa kushindwa kufikiri vyema katikati ya dhiki. Linakiri kwamba saa ya dhiki si saa ya kutunga hoja. Aliyegutuka usiku wa manane, akiamini kwamba nduguye hakujibu barua kwa kuwa amemchukia, au kwamba kichomi kidogo cha kifuani ni mauti yanayomjia, hana nguvu saa ile ya kuuliza ushahidi u wapi. Lakini ikiwa amekwisha kulizoea swali hilo mchana, kwa utaratibu, huenda likamjia lenyewe.

Wasiwasi ameuwekea mlango wa mwisho. Mwenye wasiwasi, asema, hastareheki na neema aliyo nayo, kwa kuwa daima anatazamia madhara. Basi asikae peke yake, maana upweke huyachochea mawazo hayo, ajishughulishe, na azingatie jinsi watu wengi wanavyoishi bila kufikwa na hayo ayaogopayo. Wala asitegemee hoja zake tu: atafute wa kumnasihi. Matabibu wa zama zake aliwalaumu waziwazi kwa kuutibu mwili na kuisahau nafsi, na mimi naona lawama ile haijamaliza kazi yake.

Alifariki mwaka 934. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, Marekani, alikuwa akiwafundisha wagonjwa wake kuyakamata mawazo mabaya yanayopita upesi na kuyahoji moja moja, ilhali mswada wa Abu Zayd umelala Istanbul, katika maktaba ya Ayasofya. Chapa ya nakala yake haikutolewa mpaka mwaka 1984, huko Frankfurt.

Liko jambo linalonitaabisha. Abu Zayd alizitenga huzuni mbili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa na mpenzi au kupotelewa na mali, na ile isiyo na sababu aijuayo mwenyewe, ambayo asili yake aliiona katika mwili, katika kuchafuka kwa damu. Mwenye huzuni hii ya pili, akiifungua akiba yake asikute fikra hata moja inayomgusa, afanyeje? Nasi tulio wepesi wa kumwambia aliyeinamisha kichwa kwamba abadili mawazo yake, tumekwisha kumwuliza huzuni yake ni ipi?