Fahamu: Sanamu ya herufi inayowalaki wageni Montreal

Ukiingia katikati ya jiji la Montreal, Kanada, kupitia barabara ya Bonaventure, unalakiwa na sanamu nyeupe ya mtu aliyeketi, urefu wake ukizidi mita 15. Mwili wote ni herufi za chuma: za Kilatini, Kigiriki, Kirusi, Kiebrania, Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kihindi. Ni Source, kazi ya Jaume Plensa wa Barcelona, iliyosimikwa mwaka 2017 jiji lilipotimiza miaka 375.

Usitafute sentensi ya kusoma. Ujumbe uko kwenye viungio: herufi za mataifa tofauti zimeshikana, zikabeba mwili mmoja. Nomade, sanamu nyingine ya Plensa, ya mita 8, huko Antibes, Ufaransa, unaingia ndani na kuitazama bahari kupitia matundu, lakini imejengwa kwa herufi za Kilatini tu. Kwangu, Source imekwenda mbali zaidi.